Kahawa mtoro: mti uliojengewa uzio, watu wakaupenya

Nikiulizwa kuhusu mitishamba iliyo hatarini kutoweka, huanza na mti mmoja wa Rodrigues, kisiwa kidogo cha Morisi katika Bahari ya Hindi. Wenyeji huuita café marron. Marron kwa Krioli ni mtumwa aliyetoroka, na vilevile mmea au mnyama wa porini. Sisi wa pwani neno tunalo: mtoro. Na kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na mbuni, mimi huuita kahawa mtoro. Jina lake la kitaalamu ni Ramosmania rodriguesi.

Watu wa Rodrigues waliutumia kwa mambo mawili: kuondoa mning'inio wa pombe na kutibu magonjwa ya zinaa. (Nadhani mara nyingine mteja alikuwa yuleyule.)

Misitu ilikatwa, mbuzi wakala kilichobaki, na wataalamu wakaamini mti umekwisha. Mwaka 1980 mwalimu mmoja aliwapa wanafunzi kazi ya kutafuta mimea ya asili. Kijana Hedley Manan akarudi na tawi. Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu, tena umetafunwa.

Habari zikaenea, na kwa waliokumbuka dawa ya wazee maana yake ilikuwa moja: dawa ipo. Wakaja kukata vijiti na majani. Ukajengewa uzio, wakaupenya. Ukaongezwa mwingine, bado wakaingia. Wenzangu wengi husimulia hapo wakitikisa kichwa. Mimi siwalaumu sana. Anayelijua jani kwa kazi yake, ukimwambia limebaki la mwisho, umemhimiza awahi.

Mwaka 1986 vipandikizi vilisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya Kew, London. Kikashika kimoja. Kikatoa maua meupe kama nyota mwaka baada ya mwaka, na yote yakadondoka bila tunda. Sisi wa vitalu tunaijua adha hii: kipandikizi ni mti uleule, hata ukiwa na mia una mmoja. Carlos Magdalena, mtunza bustani Mhispania, alihangaika nao, akifika hadi kukata ncha ya ua inayopokea chavua na kuipaka chavua pale penye kidonda. Mwaka 2003 mbegu zikapatikana.

Miche ilipoota haikufanana na mama. Majani yake yalikuwa membamba, marefu, ya kahawia, yananing'inia kama vijiti vikavu. Mti ukikua ndipo hutoa majani mapana ya kijani. Inadhaniwa ni hila ya kujificha na kobe wakubwa waliokuwa wakiishi kisiwani. Kobe wenyewe walikwisha zamani, mti bado unawaogopa.

Miche ilirudishwa Rodrigues. Lau ningeulizwa, ya kwanza ningeipanda uani kwa watu wanaotaka majani, kisha ndiyo ningefikiria msitu. Hapa kwetu nimeukuta mjafari umechunwa gome mzunguko mzima, umekauka umesimama. Mchunaji nilimfahamu, ni mganga wa mtaani. Badala ya kumgombeza nilimpa miche sita. Mwaka uliofuata alikuja kitaluni kuuliza kama ninayo mingine, kwa sababu mbuzi wa jirani walikula miwili.