Ushiriki wa shingo upande: maana yake

Kufanya jambo shingo upande ni kulifanya huku moyo umekataa. Katika teknolojia, ushiriki wa namna hii ni hali ya mtu kutumia, kuuza au hata kuunda kitu anachokipinga mwenyewe. Analaani programu inayochota taarifa za watu, lakini anayo kwenye simu, maana ratiba ya zamu kazini hutumwa humo humo.

Wengi hukimbilia kumwita mnafiki. Naona neno hilo hutupwa ovyo. Mnafiki hujifanya anaamini asichoamini. Huyu anachosema anakiamini, ila mlango wa kutokea umefungwa, au kuufungua kutamgharimu kibarua. Cha kupima ni uzito wa mkono wake: je, akiuondoa, kitu kile kitayumba?

Mkono wa anayeunda ni mzito kuliko wa anayetumia. Mwanafizikia Joseph Rotblat aliingia kwenye mradi wa bomu la atomiki akihofia kwamba Ujerumani ya Hitler ingelipata kwanza. Mwishoni mwa 1944, ilipobainika kwamba Wajerumani hawaliundi, akafungasha akaondoka. Sababu iliyomwingiza ilikuwa imekufa, naye hakujitafutia nyingine. Hapo ndipo wengi wetu huteleza: sababu ya kwanza inaisha, tunabaki kwa mazoea, na ile shingo inanyooka yenyewe pole pole.

Lakini kubaki si lazima kuwe kukubali. Mwaka 1970 Caroline Hunter, mkemia wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, na mwenzake Ken Williams, mpiga picha, waliona kazini sampuli ya kitambulisho cha Afrika Kusini. Wakafuatilia, wakagundua kwamba mitambo ya kampuni yao ilikuwa ikipiga picha za vile vitabu vya pasi ambavyo serikali ya makaburu iliwalazimisha Waafrika kutembea navyo. Wangekuwa nje wasingeiona sampuli ile. Wakahamasisha wenzao na kutaka bidhaa za kampuni hiyo zisusiwe. Hunter alifukuzwa. Kampuni iliahidi kwamba haitaiuzia serikali ile; mwaka 1977 ikafichuka kuwa wakala wake alikuwa akiendelea kuiuzia kwa siri, na ndipo Polaroid ikakata biashara na Afrika Kusini.