Je, wajua kwa nini mapango na misikiti ya kale ya Unguja ni jiwe moja?

Ukitoka mjini Unguja kuelekea Jambiani au Makunduchi, kuna mahali ardhi inabadilika. Mikarafuu na migomba ya upande wa magharibi unaiacha nyuma, na mbele yako ni vichaka vifupi vilivyoota juu ya mawe makali. Huku ni maweni. Mkulima hapati pa kulima kwa mstari. Anatafuta vishimo vyenye udongo katikati ya mawe, na humo ndimo anamopanda.

Jiwe hilo liliwahi kuwa hai. Ni matumbawe. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na miamba hii ilikuwa ikijengwa chini ya maji na viumbe vidogo sana. Maji yalipopungua, mwamba ulibaki mkavu. Ukisogeza taa karibu na ukuta wa pango lolote la upande huu, bado utaona maumbo ya matumbawe na magamba ya chaza yaliyoganda humo.

Basi mapango yalitoka wapi? Yalichimbwa na mvua. Matumbawe ni chokaa tupu, na maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo hubeba kaboni dayoksaidi, yakawa na utindikali kidogo. Utindikali huo huyeyusha chokaa polepole, tone kwa tone, kwa maelfu ya miaka. Ndiyo sababu upande wa mashariki hauna mito: mvua yote inazama. Maji matamu yako chini, na tangu zamani watu wameyafuata humo humo mapangoni.

Pale Mangapwani, kaskazini ya mji, wageni wengi huchanganya vitu viwili. Kuna pango la asili lenye maji, na si mbali na hapo kuna chumba cha watumwa, ambacho kilichongwa kwa mikono ya watu mwambani ili kuwaficha wanadamu waliouzwa kwa siri baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Jiwe ni lile lile, lakini tusiviite vyote pango. Kimoja ni kazi ya mvua, kingine ni kazi ya wanadamu waliojua wanachokifanya.

Kwangu mimi, pango linaloshinda yote ni Kuumbi, karibu na Jambiani. Wanaakiolojia waliochimba humo walikuta zana za mawe, na tabaka za chini kabisa zina umri wa takriban miaka 20,000. Walikuta pia mifupa ya pundamilia na nyati. Pundamilia Unguja! Hawakuvuka kwa ngalawa. Zama zile za baridi kali duniani, maji mengi yaliganda kuwa barafu na bahari ikashuka kwa takriban mita 120. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, kwa hiyo ulikuwa nchi kavu, na wanyama walipita kwa miguu. Pemba haikuunganishwa, kwa kuwa mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Na mifupa hiyo imedumu kwa sababu ya jiwe lenyewe: udongo wenye tindikali hula mifupa, ila chokaa ya pangoni huituliza tindikali hiyo.

Waungwana wa pwani walipoanza kujenga kwa mawe, walilijua jiwe hili kwa undani. La nchi kavu, gumu na lenye matundu, lilikwenda kwenye kuta. Kwa nakshi walizamia baharini wakakata matumbawe yaliyo hai, kwa sababu yakiwa mabichi ni laini kuchonga, na yakikauka yanakuwa magumu. Matumbawe yakichomwa juu ya magogo hutoa chokaa ya kuunganishia mawe na kupigia lipu. Paa lilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba vya majumba ya kale vikawa vyembamba.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani ndipo ufundi huo unapoonekana. Kwa nje una paa la bati, na unaweza kuupita bila kugeuka. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kiarabu ya Kikufi, yaani mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa katika matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi hayo yalitunzwa.

Mvua iliyochimba Kuumbi haijaacha kazi. Lipu ya chokaa ikibanduka, maji huingia ukutani na kuanza kuyeyusha kilichomo. Kuziba kwa saruji huzidisha tatizo, maana saruji hufungia unyevu ndani, wakati chokaa huuacha utoke. Ndiyo maana mafundi wanaoyajua majengo haya bado hukarabati kwa chokaa.