Baiskeli ya milima si ya milimani tu

Wengi wakiona baiskeli ya milima kwenye nchi tambarare huuliza: mlima uko wapi? Waende Mto wa Mbu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Ziwa Manyara, ambako wageni hutembezwa kwa baiskeli hizo katikati ya migomba na majaluba ya mpunga. Ardhi ni bapa, lakini njia si lami. Ni kingo za mifereji, vumbi laini, na tope lililokauka na alama za kwato za ng'ombe. Tairi nene lenye kashata (vinundu vya mpira) halizami kirahisi hapo, na gia nyepesi hukutoa mchangani bila kushuka.

Kosa jingine, na ndilo linaloumiza zaidi, ni kujaza upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, eti baiskeli iwe nyepesi. Kwenye lami, sawa. Kwenye njia ya shamba tairi gumu hurukaruka, na kila kishindo kinakula nguvu yako (na kiuno). Punguza upepo kidogo, ila usishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Halafu tambarare haina mteremko wa kukupumzisha. Unanyonga mwanzo mwisho. Beba maji.