Spesa sio dawa ya kila tairi linalogusa

Ukiweka rimu pana halafu ukakata usukani hadi mwisho ukasikia krrr, yaani tairi linagusa, lazima mtu atakwambia weka spesa tu (kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya habu na rimu) itaisha. Ushauri huu umezunguka miaka na miaka, na ni kweli nusu tu.

Spesa inasukuma gurudumu nje. Kama tairi linagusa ndani, kwenye shokabu au amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), sawa itasaidia. Ila likigusa plastiki ya ndani ya madigadi au kona ya bampa, spesa inazidisha, maana gurudumu likiwa nje zaidi huzunguka kwa duara kubwa unapokata kona.

Chukua mfano, umetoka rimu ya upana wa inchi 7 ofseti 45 ukaenda inchi 8 ofseti 35 (ofseti ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu, ikipungua rimu inatoka nje). Kwa ndani umeongeza kama milimita 3 tu, kwa nje karibu 23! Sasa hapo spesa ya nini?

Kwahiyo kwanza kata usukani mwisho, chukua tochi, tafuta alama inayong'aa palipolika. Ikiwa ni plastiki, ipashe moto uisukume nyuma au punguza kidogo, au shuka saizi ya tairi. Kuna pia washa (vipete) za kuweka kwenye stiringi raki, ile inayogeuza magurudumu, zinapunguza mkato wa usukani, gari itahitaji nafasi zaidi kugeuza lakini mi naona afadhali hiyo. Ila ikiwa ni paipu ya breki inayosuguliwa usiendeshe kabisa mpaka irekebishwe.