Bima ya afya kwa wote: kamisheni ya wakala inakwenda wapi?

"Mwanangu, na wewe humo una makato yako?"

Mzee mmoja wa Tandahimba aliniuliza hivyo kwenye mkutano wa chama cha msingi, nikiwa katikati ya kueleza bima ya afya. Ukumbi mzima ulicheka. Mkulima wa korosho hafundishwi makato. Anajua kwamba bei inayotangazwa mnadani siyo inayofika mfukoni: kuna ushuru wa halmashauri, kuna cha chama cha msingi, cha chama kikuu, cha ghala. Mzee aliuliza jambo la haki. Nami, kwa miaka niliyokaa nikiwafundisha mawakala wa bima Mtwara na Lindi, sijaona swali wanalolikwepa kama hilo.

Jibu ni kwamba ndiyo, yapo. Wakala wa bima kwa kawaida hana mshahara. Hulipwa kamisheni, yaani fungu linalotoka ndani ya ada uliyolipa. Namzungumzia wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, si kijana wa kibanda cha pesa za simu, maana pale Mtwara mjini ukitaja wakala watu hugeuka kutazama kibandani. Kwa kuwa kamisheni imo ndani ya ada, mteja haongezi kitu. Anayekuomba "ya soda" ili akuandikishe anakula mara mbili.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tangu hapo nimesikia mawakala wengi wakishangilia: kama kila mtu atatakiwa kuwa na bima, basi soko limefunguka. Mimi huwa nawatuliza. Soko linaweza kufunguka na kamisheni ikapungua papo hapo.

Wenzetu wa Marekani wameshayapitia. Tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alisaini sheria kubwa ya mageuzi ya huduma za afya. Ndani yake mlikuwa na kanuni iliyoanza kazi 2011: kampuni inayouza bima kwa mtu mmoja mmoja au kwa waajiri wadogo itumie angalau asilimia 80 ya ada kwa matibabu na kuboresha huduma, kwa waajiri wakubwa, asilimia 85. Ikishindwa, irudishe tofauti kwa wateja. Sasa tazama kilichobaki. Katika kila shilingi 100, zile 20 ndizo za mishahara, kodi ya ofisi, matangazo, faida, na kamisheni ya wakala. Mawakala walipiga kelele, wakaomba kamisheni isihesabiwe kwenye gharama za uendeshaji. Ikabaki palepale.

Kampuni nyingi zikakata kamisheni. Baadhi zikaacha asilimia kabisa na kuanza kulipa kiasi maalumu kwa kila mwanachama kwa mwezi. Hapa pana jambo ambalo wakala hapendi kulisikia. Chukua mfano wa ada ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka na kamisheni ya asilimia 10: wakala anapata 100,000. Mwakani gharama za hospitali zikipanda na ada ikafika 1,300,000, wakala anapata 130,000 bila kufanya kazi ya ziada hata ya saa moja. Mteja analia, wakala anatabasamu. Malipo ya kiasi maalumu yaliukata mkia huo, na kwa kweli siwezi kuusikitikia.

Sisemi kwamba kanuni ya 80 kwa 100 ndiyo iliyoko kwetu. Nasema tu kwamba ada ikipangwa iwe nafuu ili mkulima wa Nanyamba aimudu, kamisheni nene haina pa kukaa. Chukua CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulipangiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka. Hata wakala angepewa asilimia 10, ni shilingi 3,000 kwa kaya nzima. Panda bodaboda kutoka Newala mjini hadi kijiji cha mbali, urudi, halafu uniambie umebakiwa na ngapi.

Kwa hiyo wakala anayetembea nyumba kwa nyumba ataumia. Atakayepona ni yule anayekwenda pale watu walipo wengi na fedha ipo, na kwa mikoa yetu kalenda inajulikana: ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zikifuata, korosho kuanzia Oktoba. Kosa ninaloliona kila mwaka ni kuandikisha watu mwezi Machi. Mwenye nyumba anakopa, analipa, mwezi huohuo wa mwaka unaofuata bima inakwisha, naye hana hata nauli. Hahuishi, yaani halipii tena. Kamisheni ya kuhuisha imekufa hapo, na mbaya zaidi, mtoto anaugua malaria nyumba ikiwa haina bima. Aliyeandikishwa Novemba, siku malipo ya mnada yameingia, bima yake itakwisha Novemba nyingine, fedha ikiwepo tena.

Lipo pia suala la kulipwa kwa vichwa. Wakala anayelipwa kwa kila mtu aliyemwandikisha humfuata anayekubali haraka, na anayekubali haraka ni mgonjwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikutana na tatizo la namna hiyo kwenye Toto Afya Kadi, wazazi wengi wakiwaandikisha watoto ambao tayari wanaumwa, hadi mwaka 2023 utaratibu wa kusajili mtoto mmoja mmoja ukabadilishwa. Kuwaingiza watu wote, wazima na wagonjwa, ndiyo dawa ya hilo. Hata huko Marekani kamisheni ilileta balaa lake: mwaka 2024 yalipokelewa malalamiko zaidi ya laki mbili ya watu walioandikishwa au kuhamishwa mpango wa bima bila kujua, kisa wakala apate malipo.

Wapo wanaoniambia basi wakala wa bima naye ni kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa mitaani asiye rasmi, aondolewe tu kama stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao mnadani kupitia ghala, ilivyokusudia kumwondoa kangomba wa korosho. Sikubaliani. Kangomba akishapima bakuli lake, kazi yake kwako imekwisha. Kazi ya wakala inaanza pale umeshalipa: kadi haisomi zahanati, jina la mtoto limekosewa herufi, umefika hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, bila barua ya rufaa na unaambiwa ulipe taslimu. Hata Marekani, pamoja na tovuti ya serikali iliyofunguliwa Oktoba 2013 ili watu wajiandikishe wenyewe, mawakala hawakutoweka. Sheria yetu nayo inatenganisha kitita cha mafao ya msingi na mafao ya ziada, na kwenye hayo ya ziada, kwa waajiri wa viwandani na kwenye gesi, bado mteja atahitaji mtu wa kumfafanulia.

Kwako wewe unayelipa: ulizia leseni ya wakala, na ukiwa na shaka nenda ofisi ya TIRA. Fedha ya mfuko wa serikali ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, isipite mkononi mwa mtu. Usimpe yeyote namba ya siri inayoingia kwenye simu yako. Na muulize swali la yule mzee, bila aibu, kisha umuulize la pili: kadi ikigoma usiku wa manane pale wodini, nakupigia namba gani?