Kudorora kwa soko la magari Ulaya: kinachopimwa na kinachokwamisha

Ukisoma kwamba mauzo ya magari Ulaya yameshuka, mara nyingi kilichohesabiwa si mauzo bali usajili. Kila mwezi chama cha watengenezaji wa magari cha Ulaya, ACEA, hutoa idadi ya magari mapya yaliyopewa namba kwa mara ya kwanza katika kila nchi, na kuilinganisha na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Usajili na mauzo si kitu kimoja. Muuzaji wa Ujerumani aliyebanwa na lengo la mwezi anaweza kulisajili gari kwa jina la biashara yake kwa siku moja tu, kisha akaliuza kwa punguzo kama gari lililokwisha kusajiliwa. Takwimu imeshalihesabu, mteja bado hajapatikana. Isitoshe, takriban theluthi mbili ya magari mapya ya Ujerumani husajiliwa kwa majina ya kampuni, si ya watu binafsi. Kwa hiyo takwimu ikitikisika, wa kwanza kutazamwa ni mhasibu wa kampuni kabla ya baba mwenye familia.

Neno "kudorora" nalo lina mtego. Mwaka 2019 nchi za Umoja wa Ulaya, bila Uingereza, zilisajili magari mapya takriban milioni 13. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, yakawa chini ya milioni 10. 2022 yakafika milioni 9.3. Mwaka 2023 yalipanda hadi milioni 10.5, na 2024 yakasogea kidogo tu, milioni 10.6. Soko haliporomoki mwaka baada ya mwaka. Lilishuka ngazi moja kubwa na likakaa hapo chini. Viwanda vilijengwa kwa ajili ya ngazi ya juu, na ndiyo maana mwaka 2024 Volkswagen ilianza kuzungumza waziwazi juu ya kufunga viwanda Ujerumani kwenyewe.

Juu ya tatizo hilo kuna mishtuko inayotokana na kalenda tu. Agosti 2024 usajili katika Umoja wa Ulaya ulishuka kwa asilimia 18.3, na magari ya umeme ya Ujerumani yakaanguka kwa karibu asilimia 69. Ukitazama Agosti 2023 utaona kilichotokea. Kuanzia Septemba mosi mwaka huo, kampuni za Ujerumani zilikuwa zinaondolewa kwenye ruzuku ya magari ya umeme, basi zikakimbilia kusajili kabla mlango haujafungwa. Agosti hiyo Ujerumani ilisajili magari ya umeme karibu 87,000. Agosti ya mwaka uliofuata, 27,000. Katikati hapo, Desemba 2023, ruzuku ikafutwa hata kwa watu binafsi, tangazo likitangulia kwa siku moja tu, baada ya Mahakama ya Katiba kuizuia serikali kutumia euro bilioni 60 ilizokuwa imezipangia mfuko wa tabianchi. Mnunuzi aliyeona ruzuku ikikatwa hivyo hujifunza kusubiri: pengine italetwa nyingine.

Mwaka 2018 ilitokea vivyo hivyo bila umeme kuhusika. Vipimo vipya vya moshi na mafuta vilikuwa vya lazima kwa kila gari jipya kuanzia Septemba. Agosti usajili uliruka kwa zaidi ya asilimia 30, magari ya vipimo vya zamani yakisajiliwa harakaharaka. Septemba ukaanguka kwa karibu robo. Hakuna aliyelichukia gari kati ya Agosti na Septemba.

Sababu zinazodumu ziko kwenye bei. Chipu, vile vijisehemu vya kielektroniki vinavyoendesha mifumo ya gari, zilipoadimika mwaka 2021, watengenezaji walizielekeza kwenye magari makubwa yenye faida nono, na madogo yakaachwa nyuma. Mengine hayakurudi: utengenezaji wa Ford Fiesta ulikoma mwaka 2023, na wa Volkswagen Up! vilevile. Kuweka vifaa vipya vya usalama na vya kupunguza moshi kwenye gari dogo kunagharimu karibu sawa na kwenye gari kubwa, lakini mnunuzi wa gari dogo hana pa kuongezea hela. Huyo sasa hununua lililotumika, au hulifanyia matengenezo alilonalo. Wastani wa umri wa magari yaliyo barabarani katika Umoja wa Ulaya umepita miaka 12.

Kisha kuna riba. Kati ya Julai 2022 na Septemba 2023 Benki Kuu ya Ulaya iliipandisha riba yake ya amana, inayolipwa kwa benki zinazoweka fedha kwake, kutoka chini ya sifuri hadi asilimia 4, na riba za mikopo zikapanda nayo. Chukua mkopo wa euro 20,000 wa miezi 48: kwa riba ya asilimia 3 unalipa kama euro 443 kwa mwezi, kwa asilimia 7 ni 479. Tofauti ya euro 36 haimfukuzi mtu dukani peke yake, ila inaongezewa juu ya gari ambalo bei yake yenyewe imeshapanda.

Kinachouma zaidi, na ambacho magazeti hukitaja kwa nadra, ni bei ya kuuzia tena. Wengi Ulaya hawanunui gari. Wanalikodi kwa miaka mitatu na kulipia thamani inayopotea. Gari la euro 40,000 linalotarajiwa kuuzwa 20,000 baada ya miaka mitatu linapoteza 20,000, yaani euro 556 kwa mwezi kabla ya riba. Mkodishaji akihofia kwamba litauzwa 16,000 tu, malipo ya kukodi yanaruka hadi 667 kwa mwezi, ingawa bei ya gari haijabadilika hata senti. Januari 2023 Tesla ilishusha bei za magari yake mapya. Mara moja yaliyotumika yakapoteza thamani, na wakodishaji wakaanza kukadiria kwa woga magari yote ya umeme. Punguzo kwa mnunuzi wa leo limegeuka nyongeza ya malipo kwa mkodi wa kesho.

Watengenezaji nao wana hesabu yao ya ukaa. Kila gramu ya kaboni dioksidi kwa kilomita inayozidi wastani uliowekwa kwa magari ya mtengenezaji hutozwa euro 95 kwa kila gari lililosajiliwa, na gari la umeme huushusha wastani huo. Kikomo kilikazwa mwaka 2025, hivyo baadhi ya magari ya umeme ya bei nafuu yaliwekwa kiporo hadi mwaka huo, yatakapohesabika kwa faida. Baadaye mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulikubali wastani upigwe kwa miaka mitatu, 2025 hadi 2027.

Kwa mwagizaji wa mitumba wa Mombasa, nchi ya kuangalia ni Uingereza, kwa kuwa usukani wake uko kulia kama wetu. Ilisajili magari mapya milioni 2.3 mwaka 2019 na milioni 1.6 tu mwaka 2022. Gari ambalo halikusajiliwa mwaka huo halitakuwepo kwenye minada ya huko mwaka 2028, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza.