Mawe ya Mosel: kilichosalia, na sababu ya kusalia

Ukifika Porta Nigra mjini Trier, kando ya mto Mosel nchini Ujerumani, yaangalie kwanza mashimo. Lango hili la Kirumi, lililoanza kujengwa mwaka 170 hivi, limetobokatoboka kana kwamba limemiminiwa risasi, na wageni wengi hudhani ni makovu ya vita. Risasi inahusika kweli, ila si ya bunduki. Warumi walipanga vipande vikubwa vya jiwe la mchanga bila chokaa hata chembe. Kila kipande kilifungwa kwa jirani yake kwa kibanio cha chuma, na ncha za kibanio zikagandishwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Zama za Kati, chuma kilipokuwa mali, watu walichokonoa ukuta wakavitoa vibanio pamoja na risasi yake. Lango halikuanguka, maana uzito wa mawe wenyewe unatosha kulishikilia.

Sasa jiulize kwa nini hawakuchukua na mawe. Malango mengine ya mji yaliliwa kidogo kidogo kama machimbo. Hili liliponea kwa mtawa mmoja, Simeon, Mgiriki mzaliwa wa Sicily, aliyejifungia katika mnara wa mashariki mnamo 1030 na kufia humo mwaka 1035. Alitangazwa mtakatifu, lango likageuzwa kanisa, na nani angebomoa kanisa ili ajengee zizi? Napoleon ndiye aliyeamuru mwaka 1804 kanisa liondolewe na lango lirudishwe. Ukizunguka upande wa mashariki utaona kipande cha kanisa kimeachwa, ukuta wa nusu duara usiofanana na mengine yote.

Bonde zima la Mosel lina mtindo huo. Cha kale kimesalia pale kilipopewa kazi mpya, au pale watu walipokosea kukielewa. Ukumbi wa enzi wa Konstantino, mfalme wa Kirumi, ulio Trier na wenye urefu wa mita 67, leo ni kanisa la Kiprotestanti. Nguzo ya kijiji cha Igel, kama kilomita 8 kutoka Trier, ni mfano mzuri zaidi: mnara wa kaburi wa mita 23, wa karne ya 3, uliojengwa na wafanyabiashara wa vitambaa wa ukoo wa Secundinii. Wakristo wa baadaye waliamini picha zake zinaonyesha ndoa ya wazazi wa Konstantino, wakauheshimu. Kumbe wameheshimu watu wakikagua vitambaa, wakila, na wakivuta mashua kwa kamba kando ya mto! Jiwe limelika sana, kwa hiyo nenda kwanza kwenye uwanja wa Jumba la Makumbusho la Rheinisches Landesmuseum mjini Trier, penye nakala iliyopakwa rangi kama ya zamani. Ukishaiona hiyo, utajua unatafuta nini kule Igel.

Humo humo makumbusho ndimo ilimo merikebu ya mvinyo ya Neumagen, iliyochongwa kwa jiwe mwaka 220 hivi: wapiga makasia, mapipa makubwa, na nahodha anayetabasamu. Nayo ilikuwa pambo la kaburi. Karne moja baadaye Warumi wenyewe walivunja makaburi ya babu zao, wakatupa mawe yake kwenye msingi wa ngome, na humo chini ya ardhi ndimo yalimokaa salama hadi yalipochimbuliwa miaka ya 1870 na 1880. Ile inayosimama nje, kijijini Neumagen, ni nakala. Watu huipiga picha wakidhani ndiyo yenyewe.

Piesport, mkono unaofuata wa mto, pana shinikizo la zabibu la karne ya 4 lililogunduliwa mwaka 1985, miguuni mwa mlima uleule unaolimwa mizabibu hadi leo. Utaona mabirika yamepangwa kwa ngazi, na mpangilio huo ndio kazi yenyewe: zabibu hukanyagwa kwa miguu katika birika la juu, maji yake hushuka kwa uzito wake hadi birika la chini. Maganda yaliyobaki hubanwa kwa boriti ndefu inayovutwa chini kwa skrubu ya mti na jiwe zito. Chunguza pale sakafu ya birika inapokutana na ukuta: pembe haikuachwa kali, imezibwa kwa tuta dogo la duara la chokaa iliyochanganywa na matofali yaliyosagwa. Pembe kali ndiyo hupasuka kwanza na kuvuja, tena uchafu wake hausafishiki.

Bernkastel-Kues wengi huishia upande wa Bernkastel, kwenye nyumba ya mbao ya 1416, nyembamba chini na pana juu ili mikokoteni ipite. Vukeni daraja. Upande wa Kues kuna hospitali ya Mtakatifu Nikola, iliyoasisiwa na Kardinali Nicolaus Cusanus mwaka 1458 kwa ajili ya wazee 33, idadi ya miaka ya Yesu. Bado ni makao ya wazee, bado ina mashamba ya mizabibu, na moyo wa Kardinali umezikwa kanisani humo. Mwili uko Roma.

Kuhusu usafiri, treni ya Trier–Koblenz huuacha mto baada ya Trier na kukatiza bara hadi karibu na Bullay. Kwa Neumagen, Piesport na Bernkastel tumia basi au baiskeli.

Nimeyaweka mwisho yale ambayo kwangu ndiyo urithi mkubwa kuliko Porta Nigra: kuta za sleti, jiwe lile la vibao vya shule vya zamani, zinazoshikilia matuta ya mizabibu. Kwenye mlima wa Calmont, kijijini Bremm, mteremko hufikia nyuzi 65 hivi. Pasipo ukuta udongo wote ungekuwa mtoni. Mawe makubwa hukaa chini. Ukuta huegemea mlimani kidogo. Kila jiwe hukalia mawili ili nyufa zisifuatane wima, na kila baada ya hatua chache jiwe refu huingizwa ndani kabisa kama msumari. Nyuma hujazwa kokoto, si udongo.

Hizo kokoto ndizo roho ya ukuta, kwa kuwa maji ya mvua hupita humo na kutokea kwenye nyufa. Mwenye haraka huziba nyufa kwa saruji. Maji yanakwama nyuma, baridi inayagandisha, barafu inavimba, na baada ya misimu kadhaa ukuta unatoa tumbo. Ukiona ukuta wenye tumbo, pita mbali. Udongo laini ukiziba kokoto, au mizizi ya michongoma ikiingia, matokeo ni hayo hayo, polepole zaidi.

Mawe yanayochomoza ukutani kama ngazi ni ya wakulima, usiyapande. Usichukue jiwe la juu hata kama limelegea, kwa sababu uzito wake unabana yaliyo chini. Na zabibu zikikaribia kuvunwa, vijia vingi vya mashambani hufungwa kwa wageni. Soma kibao kabla ya kupanda.